Jibu: Kidato cha nne nimemaliza, nataka udaktari wa mifugo

Habari mdogo wangu. Umesema uko Moshi, nyumbani gharama za kidato cha tano zimeshindikana. Kwanza angalia cheti: Baiolojia na Kemia umefaulu? Kama ndiyo, LITA (wakala wa serikali wa vyuo vya mifugo) kampasi ya Tengeru, hapo Arusha, wana kozi za afya ya mifugo hadi stashahada. Nilipita huko. Ukimaliza unakuwa mtaalamu msaidizi, usidanganywe. Udaktari wenyewe ni miaka 5 SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, halafu usajili wa Baraza la Veterinari, linalosimamia madaktari wa mifugo. Ila stashahada yenye ufaulu mzuri inaweza kukufikisha huko.

Kabla hujalipa chochote, mfuate afisa mifugo wa kata hata wiki moja. Mimi siku ya kwanza niliingiza mkono hadi begani kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa, saa nane usiku, mvua inanyesha. Ndama alitoka hai. Viatu sikuviokoa.