Ukitaka Kutafakari Kila Siku, Tafuta Watu wa Kuketi Nao

Watu wanaotaka kuanza kutafakari huniuliza kwanza wapakue programu gani ya simu. Nami huwauliza: utaketi na nani? Nimetafakari kila asubuhi kwa miaka sasa, na naona kwamba kuketi na kuifuata pumzi ni jambo ambalo mtu hulielewa kwa dakika tano. Kazi ni kulirudia kesho, na keshokutwa, na siku ile usiyotaka kabisa. Hapo ndipo nia yako pekee haitoshi. Anayekurudisha ni binadamu mwenzio, na simu inafaa pale inapokukutanisha naye, au inapokaa kimya.

Waliotangulia walilijua hili. Mbinu nyingi zinazofundishwa leo zilitoka katika Ubuddha, na huko jumuiya ya watendaji, yaani sangha, ni kimojawapo cha vito vitatu, yaani nguzo tatu ambazo Mbuddha huzitegemea, sambamba na Buddha mwenyewe na mafundisho yake. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha kliniki ya kupunguza msongo wa mawazo katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, aliyaweka kando mambo ya dini, lakini kundi hakuliacha: washiriki wa kozi yake ya wiki 8 hukutana kila wiki, kisha kila mtu hufanya mazoezi nyumbani. Nao wanaomaliza kozi za siku 10 za Vipassana, aina ya kutafakari yenye asili ya Kibuddha, kwa mapokeo ya mwalimu S. N. Goenka, huhimizwa kuketi pamoja mara moja kwa wiki hata baada ya kurudi makwao. Mapokeo haya yanatofautiana kwa mengi, ila kwa hili yamekubaliana.

Kundi letu ni dogo. Tunakutana kwa video asubuhi na mapema, tunasalimiana kwa ufupi, mmoja anagonga kengele, kisha kimya cha dakika 20. Kengele ya pili ikilia, mwenye neno analisema, asiye nalo anaaga. Wapo wanaoelekeza kamera ukutani, na hakuna anayewauliza kwa nini. Tunaishi mbali mbali na baadhi yetu hatujawahi kuonana ana kwa ana, lakini asubuhi ambayo mwili unagoma kuamka, kujua kwamba wenzangu wameshaketi hunitoa kitandani.

Kuna mambo ambayo ningemsihi yeyote anayeunda kundi ayashike. Liwe dogo kiasi kwamba asiyekuja ataonekana kuwa hayupo. Katika kundi la mamia ya watu unaweza kutoweka mwezi mzima na asijue mtu. Kisha, msipeane ushauri baada ya kuketi. Mtu akisema leo akili yake ilikuwa sokoni muda wote, mwacheni aseme, mshukuruni, basi. Wengi huanza kuogopa kundi kwa sababu kila walichosema kiligeuzwa kuwa tatizo la kutatuliwa, na hatimaye wananyamaza au wanaacha kuja.

Na la muhimu zaidi ni namna mnavyompokea aliyekosa. “Ulikuwa wapi?” ni swali linalomfanya mtu ajitetee. “Tulikukumbuka leo” ni maneno yanayomfungulia mlango. Nimeona watu waliopotea kwa muda mrefu wakirudi kwa sababu ya ujumbe mfupi kama huo, usiodai maelezo wala ahadi yoyote.

Nasisitiza hili kwa sababu kukosa siku kunatisha kuliko inavyostahili. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea kila mmoja tabia moja mpya, kwa mfano kula tunda kila siku pamoja na chakula cha mchana. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kwa kawaida ilichukua siku zipatazo 66 tabia ikakaribia kufanyika yenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na kukosa siku moja hakukuiharibu tabia iliyokuwa ikijengeka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ndiyo maana nawashauri watu wazime kile kihesabu cha siku mfululizo ambacho programu nyingi hukiweka mbele ya macho yako. Najua kinawapa wengine hamasa mwanzoni. Lakini siku namba inaporudi sifuri, mtu huhisi kazi yote imepotea, wakati akili yake haijapoteza chochote. Mwenzako hawezi kukurudisha sifuri.

Katika utafiti huohuo kila tabia iliambatanishwa na kitu ambacho tayari kilikuwa kikifanyika kila siku. Fanyeni hivyo. “Nitatafakari asubuhi” ni maneno yasiyo na mshiko. “Nikishapiga mswaki, naketi” yana mahali pa kushikia. Na anza na dakika chache, hata tano. Muda utaongezeka wenyewe.

Sasa simu. Wapo wanaosema isiingie kabisa katika shughuli hii, nami sikubaliani nao, kwa kuwa bila simu kundi letu lisingekuwepo. Ninachotaka ni iwe na kazi inayojulikana. Ya kwanza ni kengele: kipima muda chenye mlio mpole wa kuanza na kumaliza, ili usichungulie saa. Ya pili ni kukukutanisha na wengine. Ikiwa huna kundi, programu kama Insight Timer inakuonyesha watu wanaotafakari wakati huohuo sehemu mbalimbali za dunia, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliye peke yake chumbani. Sauti za kuongoza ni nzuri kwa wiki za mwanzo, lakini jizoeze mapema kuketi siku nyingine bila sauti yoyote, la sivyo utajikuta unamsikiliza mtu badala ya kuisikiliza pumzi.

Andaa kila kitu usiku: weka muda, zima arifa, laza simu kifudifudi. Ujumbe mmoja ukiusoma kabla ya kuketi, utaketi nao.

Simu hiyohiyo imetufundisha pia jambo la kutuliza moyo. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza matokeo ya programu iliyowauliza watu 2,250, kwa nyakati za kubahatisha, walikuwa wakifikiria nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha akili iko mbali na kile mtu alichokuwa akifanya. Kwa hiyo ukiketi na mawazo yakakimbia, hiyo ndiyo kawaida ya akili. Unaporudi kwenye pumzi, hapo ndipo zoezi lenyewe lilipo.

Kuna tahadhari moja ninayotaka kila kundi liijue. Kwa aliyepitia mambo mazito, kufunga macho na kukaa kimya kunaweza kuamsha hofu au kumbukumbu kali. Akihisi hivyo, afungue macho, ainuke, atembee, apunguze muda, na hali ikiendelea amwone mtaalamu wa afya ya akili. Asiambiwe akaze tu.

Huna haja ya kusubiri upate watu wengi. Mmoja anatosha. Mwandikie leo: “Naanza kutafakari dakika kumi kila asubuhi. Tungeketi pamoja kwa simu wiki hii moja, bila mazungumzo marefu, ungependa?” Akikubali, pangeni saa usiku huuhuu, na mkubaliane nani atagonga kengele.