Kutafuta mababu kwa akili mnemba: yaliyotusaidia sisi

Mkuu, umeuliza kama ule utafutaji wa akili mnemba wa FamilySearch, ile tovuti ya kutafuta nasaba, unasaidia kweli au ni kelele tu. Kwa wakwe zangu, Wamarekani weusi wa Georgia, umesaidia sana, na ni bure, unajisajili tu.

Shida yao ilikuwa hivi. Sensa ya Marekani ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Ukirudi kwenye orodha za watumwa za 1860 na 1850, unakuta jina la bwana, chini yake umri, jinsia na rangi, basi. Majina yao yamo ndani ya wosia, hati za mauzo na orodha za mali za marehemu, ila faharasa za zamani zilishika jina la mwenye mali tu. Tangu 2024 mashine inasoma mwandiko wenyewe, kwa hiyo unatafuta neno lolote lililomo kwenye ukurasa.

Usiandike jina la babu peke yake; wetu aliitwa Jesse, na ukiandika hilo tu utaletewa kina Jesse mpaka uchoke. Angalia 1870 aliishi kaunti gani, chukua ukoo wa Wazungu wenye ardhi jirani, uuandike pamoja na jina lake, kila neno likitanguliwa na alama ya +. Jaribu koo kadhaa, maana si wote waliochukua jina la bwana wao wa mwisho. Jesse wetu tulimkuta kwenye orodha ya mali, kati ya nyumbu (chotara wa punda na farasi) na vitanda, bei yake kwa dola pembeni. Mama mkwe akauliza nyumbu naye aliandikiwa ngapi.

Zamani, s mbili zikifuatana, ya kwanza ilirefushwa ikafanana na f, hivyo mashine za aina hii husoma "Jefse". Weka alama ya kuuliza hapo: Je?se. Na tarakimu zisome mwenyewe kwenye picha.

Kuhusu babu yako askari wa Mjerumani, njia ni nyingine. Nyaraka za wizara yao ya makoloni ziko Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Berlin, fungu R 1001, na mwandiko ule wa Kijerumani cha kale unaweza kuusomesha kwa Transkribus, programu ya kusoma mwandiko wa mkono. Ila waulize wazee kwanza alikuwa boma gani, Iringa, Mahenge au Tabora. Ukilipata, rudi hapa tuangalie pamoja.