Barua kwa Fundi wa Silaha

*Shikamoo mzee. Mimi na mjomba wangu tumebishana barazani tangu alasiri mpaka Isha. Yeye asema bunduki bora ya Kirusi ni AK-47 na hataki kusikia la mtu. Mimi namwambia yuaisifu kwa kuwa ndiyo pekee aijuayo jina. Wewe uliyezifungua kwa mkono wako, ipi waipenda zaidi?*
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Marahaba mwanangu. Ungeniuliza ipi imeenea zaidi duniani, mjomba wako angeshinda bila jasho. Lakini umeniuliza nipendayo, na mimi naipenda SKS.

Nilikuwa fundi wa silaha jeshini. Mwaka 1989 kikosi chetu cha Kenya kilipelekwa Namibia chini ya Umoja wa Mataifa, na huko ndiko silaha za Kisovieti zilipoanza kupita mikononi mwangu moja baada ya moja. Mpaka siku hiyo nilizijua kwa picha za darasani. SKS ya kwanza niliyoishika ilikuwa na kitako cha mbao kilichochubuka, na singe iliyokunjwa chini ya mtutu kama kisu cha mfukoni. Niliiweka begani, nikahisi imekaa. Bunduki nyingine huzizoea; hii hukukaribisha.

Aliyeibuni ni Sergei Simonov, na chache zilijaribiwa vitani mwaka 1945, Mjerumani akiwa karibu kushindwa. Hubeba risasi 10, nazo huzisukuma ndani kutoka juu kwa klipu. Magazini, kile kisanduku cha risasi, haichomoki, kwa hiyo haipotei. Risasi ya mwisho ikitoka, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, hubaki nyuma na kukuambia wazi kwamba zimekwisha. AK haifanyi hivyo: wafyatua, wasikia "ka!", ndipo wajua uko mikono mitupu. Kwa mtu anayelinda lindo usiku, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Sasa nikwambie na kasoro yake, maana nilikaribia kuumizwa nayo. SKS za mwanzo zilikuwa na springi kwenye pini inayogonga risasi. Baadaye Warusi wakaiondoa, pini ikabaki inacheza huru ndani ya bolti. Ikiwa safi, haina neno. Ikijaa grisi iliyoganda, hukwama ikiwa imechomoza mbele, na bolti ikirudi mbele kwa nguvu, risasi hulipuka yenyewe bila kidole kugusa kifyatulio. Tuliletewa moja iliyokaa ghalani miaka kwa miaka. Aliyekuwa na dhamana ya kuikagua alitia sahihi kwamba ni nzima. Nikaielekeza kwenye tuta la mchanga, nikafyatua mara moja, zikatoka tatu. Masikio yalinivuma hadi usiku. Tangu hapo sikuikubali SKS yoyote kabla sijatoa bolti na kuitikisa sikioni. Pini ikilia kacha-kacha, iko salama. Ikinyamaza, naiosha upya.

Na hapa nataka watu wa pwani mnisikilize. Sisi twaijua chumvi. Hapa Malindi nondo za dirisha langu la upande wa bahari hazimalizi miaka mitano. Fataki, vile viwashio vya baruti kitakoni mwa risasi, vya risasi nyingi za zamani za Kisovieti navyo huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hufyonza unyevu hewani vilevile kama ya baharini. Askari wengi hukimbilia mafuta. Mafuta huifunika tu, hayaiondoi, na kutu huendelea kula chini yake. Dawa ni maji ya moto. Mimi nilikuwa nachemsha birika zima, namimina mtutuni, nakausha kwa kitambaa hadi kitoke kikavu, kisha ndipo napaka mafuta. Vijana walinicheka waliponiona nikimwagia bunduki maji. Baada ya majuma mawili tulichungulia mitutu yao na yangu kwenye jua, wakaja kuomba birika.

Warusi wenyewe waliling'amua jambo hili, wakaanza kupaka kromu, madini yasiyoshika kutu kwa urahisi, ndani ya mitutu ya SKS na ya AK. Ukiniuliza, kromu hiyo imechangia sifa ya "haiharibiki" kuliko watu wanavyodhani.

*Mzee, ni kweli Kalashnikov, aliyebuni AK, aliiga bunduki ya Wajerumani?*
*Msomaji, Shela, Malindi*

Kwa sura ya nje zinafanana, StG 44 ya Mjerumani na AK, na hilo ndilo huwapoteza watu. Pia ni kweli kwamba Hugo Schmeisser, fundi mkubwa wa Kijerumani, alichukuliwa akapelekwa Izhevsk mwaka 1946, mji ambao baadaye AK ilitengenezwa. Lakini mimi huamua kwa kufungua. Bolti ya Mjerumani hufunga kwa kuinama. Ya Kalashnikov hufunga kwa kuzunguka, kama ya bunduki ya Garand ya Wamarekani. Hata namna ya kuzifungua ni tofauti kabisa. Wazo la bunduki fupi yenye risasi ya wastani, kati ya ile ya bastola na ile ya bunduki kubwa, alilikuta, sikatai. Moyo wa bunduki ni wake na wa wenzake waliofanya kazi naye.

Ninayoithamini katika ukoo huo ni AKM ya mwaka 1959, siyo AK nzito iliyotangulia. Nyingi za zile za kale mwili wake ulichongwa kutoka pande moja la chuma. AKM ni bati lililokandamizwa kwa mashine, nyepesi, ya kilo 3 na kidogo bila magazini. Jamaa zetu wa Tanzania huziita zote SMG, basi ukisoma magazeti yao usidhani ni silaha nyingine.

Kalashnikov alifariki Desemba 2013. Kabla ya hapo alimwandikia Patriaki, mkuu wa kanisa lake la Orthodoksi, akiuliza kama yeye naye ana lawama kwa watu waliouawa kwa bunduki yake. Nilipoisoma habari ile nililikunja gazeti nikakaa kimya. Nimezisafisha nyingi mno nisiguswe na swali hilo.

*Kwa bastola je? Tokarev au Makarov?*
*Msomaji, Maweni, Malindi*

Makarov. Tokarev ina risasi kali yenye mbio, na ni nyembamba, hukaa vizuri kiunoni. Lakini haina kizuizi cha usalama cha kubonyeza kwa kidole, na mimi sikumpa mtu Tokarev iliyokokiwa abebe hata siku moja. Makarov inacho, na kuifungua ni kuvuta chini kile kikingio cha kifyatulio, kurudisha sehemu ya juu nyuma na kuinyanyua. Springi yake imezunguka mtutu wenyewe. Ukiirudisha, anza na ule upande mwembamba, la sivyo haitashika.