Mwanangu, kuhusu vile vitabu saba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, kuhusu vile vitabu saba vilivyomo katika Biblia ya Wakatoliki, upande wa babu yako, na havimo katika ya Waprotestanti, upande wa bibi yako. Unauliza ni nani aliyeketi akaamua kitabu hiki kiingie kwenye Biblia na kile kibaki nje, na nani alimpa ruhusa. Tena rafiki yako kakwambia ni Kaisari Konstantino na maaskofu wake kule Nikea, mwaka 325. Mwambie akasome upya. Nikea walibishana kuhusu Mwana na Baba, wakazungumzia tarehe ya Pasaka, wakatoa kanuni 20 za nidhamu. Katika kanuni hizo hakuna orodha ya vitabu.

Ila swali lenyewe umelishika mkiani, kama baba yako mdogo, ambaye nimemwambia mpaka nimechoka. Usiulize nani aliamua. Uliza nani alikuwa anasoma. Kitabu husomwa kwanza, orodha hufuata. Mwaka 180, kule Karthago, Afrika Kaskazini, Wakristo kadhaa walisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi. Akawauliza wana nini ndani ya sanduku lao. Mmoja, Speratus, akajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Wakauawa wote siku ileile. Hakuna mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliokuwa umewapa orodha. Athanasius, askofu wa Aleksandria, alipokuja kuvitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tulivyo navyo, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, wale watu walikuwa kaburini karibu miaka mia mbili.

Najua utakachosema, maana wewe ni mtoto wa mama yako. Utasema: kama ni kusomwa, mbona Mchungaji wa Herma, kitabu kile cha Wakristo wa kale, yuko nje? Alisomwa na kupendwa. Kwenye Kodeksi ya Sinai, nakala ya Biblia ya karne ya 4 iliyoandikwa kwa mkono, amewekwa pamoja na Waraka wa Barnaba, nyuma ya Ufunuo. Na Ufunuo wenyewe wengi wa Mashariki waliutilia shaka. Eusebius, mwanahistoria yule, aliutaja kati ya vilivyokubaliwa, halafu akautaja tena kati ya visivyo halali, msomaji achague mwenyewe! Basi kusomwa peke yake hakutoshi, nakubali. Walitazama pia kama kitabu kimetoka kwa mitume au watu wao wa karibu, na kama kinapatana na imani waliyopokea. Lakini hata hayo, nani aliyapima kama si hao hao waliokuwa wanasoma? Naona nimerudi palepale. Sijali.

Na kuna mwaka 303. Kaisari Diocletian aliamuru Maandiko yachomwe moto. Askari wako mlangoni, wanataka vitabu: utawapa kipi? Askofu wa Karthago, Mensurius, alieleza baadaye kwamba Maandiko aliyaficha, akaacha kanisani vitabu vya wazushi, maofisa wakavichukua wakaenda zao. Mimi kisa hiki nakipenda kuliko mitaguso yote. Pale mtu hana muda wa kuunda kamati. Anajua kipi kiokolewe na kipi kiende.

Nami nilisimama pabaya vilevile, ingawa bila askari. Unakumbuka babu yako alivyotaka kwenye maziko yake isomwe Hekima ya Sulemani, kimojawapo cha vile saba, sura ya tatu, ile ya roho za wenye haki kuwa mkononi mwa Mungu. Aliniambia mimi, si baba yako mdogo. Nikaweka alama kwenye ile Biblia yake, nikafika mbele, nikafungua. Aliyeongoza ibada, wa upande wa bibi yako, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. Akaninong'oneza, "Hicho si Neno. Soma Zaburi." Watu wamesimama, jeneza liko mbele yetu. Nikasoma ya 23. Sina ugomvi na Daudi, lakini marehemu hakuomba hiyo. Nikikumbuka kile kiganja mpaka leo nasikia moto masikioni.

Ningekuwa na ulimi siku ile ningemwambia kwamba Martin Luther mwenyewe, mwanzilishi wa upande wao, katika Biblia yake ya mwaka 1534, alivitafsiri vitabu hivyo akaviweka katikati ya maagano mawili, akisema havilingani na Maandiko Matakatifu ila vinafaa na ni vizuri kuvisoma. Vinafaa! Hata kaburini havikufaa? Lakini na upande wa babu yako nao wasijione. Jerome, aliyewapa Biblia ya Kilatini, ndiye aliyetaka vitabu vya Waebrania vitengwe na hivyo vingine. Augustine, askofu wa Afrika Kaskazini, akaona vinginevyo, na mtaguso wa Karthago mwaka 397 ukavihesabu ndani. Mtaguso wa Wakatoliki kule Trento ulifunga mjadala tarehe 8 Aprili 1546, na laana juu kwa asiyekubali. Miaka zaidi ya elfu moja ya kusoma kwa amani, halafu laana. Wahabeshi wao wana vitabu 81, Henoko akiwemo, wala hawakumwomba mtu ruhusa.

Sasa unataka niseme nani alikuwa sahihi, babu yako au bibi yako. Sisemi. Bibi yako yu hai, na barua zangu anasomewa kabla hazijatumwa. Ninalo langu, na ungekuwa karibu ungekwisha kulisikia.

Badala yake nenda kwenye Waraka wa Yuda, aya ya 14. Ni waraka mfupi, hauna hata sura ya pili, na makanisa yetu yote mawili yameukubali. Humo Yuda anamtaja Henoko kuwa alitoa unabii, na maneno anayomnukuu yamo katika Kitabu cha Henoko, kile ambacho makanisa yetu yote mawili yamekiacha nje. Nieleze hilo. Usinipigie simu, andika, kusudi nimwoneshe baba yako mdogo.

Baba yako