Pointi za Kadi ya Mkopo: Zinakufikisha Wapi na Zinaishia Wapi

Kila ninapoeleza kwamba tiketi fulani ya ndege niliilipa kwa pointi za kadi ya mkopo, zile ambazo benki humpa mteja kadiri anavyolipa kwa kadi, swali la kwanza huwa ni kadi gani niliyotumia. Ni nadra mtu kuuliza mkataba wa kadi hiyo unasemaje, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu ukomo wa pointi hizi hauandikwi kwenye tangazo, unaandikwa kwenye yale maandishi madogo ya vigezo na masharti ambayo wengi wetu huyapita mbio. Nimezitumia kadi hizi kwa miaka mingi, zimenifaa, na sina mpango wa kuziacha. Msimamo wangu ni kwamba pointi ni punguzo la bei ambalo mtoaji wake amejipa haki ya kulibadili apendavyo, na anayeziweka kama akiba ya benki anajitafutia hasara.

Nimeyasoma masharti ya kadi zote nilizowahi kuwa nazo, na kifungu kimoja hakikosekani: pointi si mali ya mteja, na mtoaji anaweza kubadili viwango, kufuta uanachama au kuifunga programu nzima ya pointi. Mahakama nazo hazijawa kimbilio la uhakika. Nchini Marekani, shirika la ndege la Northwest lilimfutia uanachama wa programu yake mwaka 2008 mteja wake wa ngazi ya juu, Binyomin Ginsberg, likidai kwamba analalamika kupita kiasi. Shauri lake lilipanda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2014 majaji wote kwa kauli moja waliamua kwamba sheria ya mwaka 1978 iliyoondoa udhibiti wa serikali katika biashara ya ndege inalizuia dai lake kwamba shirika halikumtendea kwa nia njema. Aliyekuwa amesafiri sana na kujikusanyia maili nyingi, yaani pointi za shirika la ndege, hakuwa na nguvu ya kisheria aliyodhani anayo.

Ili kuelewa kwa nini masharti yameandikwa hivyo, fuata fedha. Programu za maili zilizoanza kushika kasi mwaka 1981, AAdvantage ya American Airlines ikiwa mojawapo, zilikuwa njia ya kumzawadia abiria anayerudi. Leo sehemu kubwa ya maili haitokani na kusafiri hata kidogo: benki inazinunua kwa jumla kutoka kwa shirika la ndege, kisha inawagawia wenye kadi kadiri wanavyotumia. Mwaka 2024 shirika la ndege la Delta lilipokea zaidi ya dola bilioni 7 kutokana na ushirikiano wake na kampuni ya kadi ya American Express. Janga la korona lilipoisimamisha biashara ya ndege mwaka 2020, shirika hilohilo liliiweka programu yake ya SkyMiles kuwa dhamana na kukusanya mkopo wa dola bilioni 9. Kitu chenye uwezo wa kudhamini mkopo wa namna hiyo si hisani kwa wateja, ni bidhaa, na mwenye bidhaa ndiye anayepanga bei.

Benki nayo sehemu ya gharama hiyo huipata kwenye makato anayolipa mfanyabiashara kila kadi inapopita kwenye mashine yake. Ndiyo maana ukarimu wa kadi hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015, kiasi kwamba makato yanayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mkopo ya mtu binafsi hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.3 ya malipo, na tangu hapo kadi za huko haziwezi kushindana na za Marekani, ambako kikomo kama hicho hakipo kwa kadi za mkopo. Kwa hiyo msomaji anayefuata ushauri ulioandikwa kwa ajili ya soko la Marekani huku kadi yake imetolewa kwingine anapoteza muda. Hesabu zile hazimhusu.

Tuje kwenye bei yenyewe. Zamani kila shirika lilikuwa na jedwali lililoonyesha wazi kwamba safari kutoka eneo moja hadi jingine inahitaji maili kadhaa, na mtu aliweza kuweka lengo na kulifuata. Delta iliondoa jedwali lake mwaka 2015, na shirika jingine la Marekani, United, likafuata mwaka 2019. Pale jedwali linapokosekana, bei kwa pointi hupanda na kushuka pamoja na nauli, na safari uliyoiona leo kwa pointi 30,000 inaweza kuonekana wiki ijayo kwa mara mbili yake bila tangazo lolote. Pointi hazizai riba, ilhali bei zake hupanda. Sioni sababu ya mtu kulimbikiza pointi kwa ajili ya safari ambayo hajaipangia hata mwaka.

Hesabu ninayoifanya kabla ya kukomboa tiketi yoyote, yaani kuilipa kwa pointi, ni fupi, na ninawasihi wasomaji waifanye kwa kalamu badala ya kukisia. Tuseme safari inauzwa dola 400 taslimu, na ukurasa huohuo unaonyesha kwamba inapatikana kwa pointi 25,000 pamoja na dola 150 za kodi na tozo. Wengi watasema pointi zimewalipia dola 400. Hapana, zimelipa dola 250, yaani senti 1 kwa kila pointi. Kisha kumbuka kwamba tiketi ya taslimu ingekupatia maili kwa sababu umesafiri, wakati ile ya pointi kwa kawaida haikupatii kitu, kwa hiyo thamani halisi imeshuka chini ya senti 1. Sasa ilinganishe na kadi ya kawaida inayorudisha asilimia 2 ya matumizi kwa fedha taslimu: kila dola uliyotumia ingekurudishia senti 2, ambazo huzipangiwi siku wala njia ya kuzitumia. Kama kadi yako inatoa pointi 1 kwa kila dola, umefanya kazi zaidi na kupata nusu.

Ule mstari wa kodi na tozo unastahili kuangaliwa kwa makini. Kodi za viwanja vya ndege na za serikali hazikwepeki, lakini mashirika kadhaa huongeza humo tozo yao wenyewe, ambayo mara nyingi huitwa ya mafuta, na kwenye safari ndefu za madaraja ya juu inaweza kufika mamia ya dola. Kiti kilekile cha ndege ileile kinaweza kukombolewa kupitia programu ya shirika mshirika ambalo halitozi tozo hiyo. Fungua mstari huo uone kila kipengele kabla ya kulipa. Na wale wanaojigamba kwamba wamepata senti 6 au 7 kwa pointi katika daraja la kwanza, mara nyingi wanalinganisha na nauli ambayo wasingeilipa kamwe kutoka mfukoni mwao. Hiyo ni danganya toto.

Viti navyo si vyote vinavyokombolewa. Shirika hutenga fungu dogo kwa bei ya chini ya pointi, hulifungua mara nyingi kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari, na huweza kulipunguza au kuliongeza kadiri tiketi za fedha zinavyonunuliwa. Misimu ya sikukuu na likizo za shule ndiyo yenye uhaba mkubwa, na ndiyo misimu ambayo watu wengi wanaweza kusafiri. Kosa ninaloliona likirudiwa ni la mtu kuhamisha pointi kutoka benki kwenda kwenye programu ya shirika la ndege kabla ya kuhakikisha kwamba kiti kipo. Uhamisho huo hauna kurudi. Baadhi hukamilika papo hapo, mwingine huchukua siku kadhaa, na kiti hakikusubiri. Mimi humpigia simu mhudumu wa shirika kwanza anithibitishie kwamba anakiona kiti, kwa kuwa kuna nyakati tovuti ya mshirika huonyesha viti vilivyokwisha kuchukuliwa, na palipo na uwezekano wa kukishikilia kwa muda huomba kishikiliwe ndipo nihamishe.

Jambo lisilotajwa sana ni namna matumizi yanavyoainishwa. Kadi inayoahidi pointi mara tatu kwenye migahawa haijui ulikula nini; inajua tu msimbo wa tarakimu nne ambao mashine ya mfanyabiashara imesajiliwa nao. Mgahawa wa kawaida ni 5812, duka kubwa la vyakula ni 5411, hoteli ni 7011, wakala wa safari ni 4722. Chakula cha jioni nilichowahi kulipia kwenye mgahawa ulio ndani ya hoteli kilitokea kwenye taarifa ya akaunti kwa jina la hoteli, kikahesabiwa kama malazi, na pointi za ziada za mgahawa hazikuja. Nilipopiga simu, mhudumu alinieleza kwa upole kwamba msimbo hupangwa na benki inayomhudumia mfanyabiashara, si iliyonipa kadi, na alikuwa sahihi. Ukitaka kutumia kiasi kikubwa kwa kutegemea pointi za ziada, lipa kidogo kwanza, subiri muamala ukamilike kwenye taarifa ya akaunti, kisha angalia umeainishwaje.

Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo hakuleti pointi, na riba yake huanza siku hiyohiyo. Kwa malipo ya kawaida, yeyote anayebeba deni kutoka mwezi mmoja hadi mwingine kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka hana biashara na kadi za pointi, kwa kuwa hakuna pointi itakayofidia riba hiyo. Ada ya mwaka ihesabiwe kama gharama ya safari, na ile tozo ya malipo kwa fedha za kigeni, ambayo kwenye kadi nyingi ni asilimia 3, inazimeza pointi zote utakazopata ukiwa ugenini.

Manufaa mengine yana mipaka yake pia. Bima ya gari la kukodi inayokuja na kadi mara nyingi hulipa tu kile ambacho bima yako nyingine haikulipa, huacha nje aina fulani za magari na nchi fulani, na hukoma ukodishaji unapopita idadi ya siku iliyotajwa. Kuhusu kumbi za mapumziko kwenye viwanja vya ndege, kadi inakupa ruhusa ya kuomba kuingia tu, kwa maana ukumbi ukijaa utaambiwa usubiri. Na ukikata chumba cha hoteli kupitia tovuti ya benki ili utumie pointi, hoteli nyingi hukuhesabu kama mgeni wa wakala: hazizihesabu siku hizo kwenye uanachama wako wa hoteli, na safari ikivurugika watakuelekeza kwa aliyekuuzia.

Siku ukiamua kuifunga kadi, piga simu kabla hujafunga na uulize pointi ziko wapi. Zilizokwisha kuingia kwenye akaunti yako ya shirika la ndege kwa kawaida hubaki, ila ziangalie tarehe zake, kwa kuwa programu kadhaa huzifuta baada ya miezi kadhaa bila muamala. Zilizo bado kwenye programu ya benki huweza kupotea siku akaunti inapofungwa, na kwenye benki nyingi hazihamishiki tena hata kama zimeachwa, mpaka uwe na kadi nyingine inayoruhusu. Zikomboe kwanza, ama zihamishe ikiwa kiti ulichokikusudia kimepatikana, ndipo utume barua ya kufunga.