Mbegu za aprikoti za Wahunza: ngapi kwa siku ni salama?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana kansa ya titi, yuko kwenye kemo mzunguko wa tatu. Shangazi kaleta viini vya kokwa za aprikoti, anasema Wahunza wa Pakistan wanakula hivyo ndo maana wanafika miaka 120 na kansa hawaijui. Kaambiwa atafune 10 kila siku. Ngapi ni salama, na asimamishe kemo kwanza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kemo asisimamishe, viini aache leo, na sio apunguze, aache kabisa.

Mimi mfamasia, hili swali haliishi dirishani kwangu. Juzi tu dada mmoja kaniwekea kopo mezani, lina picha ya mzee wa ndevu nyeupe na mlima wa theluji, nyuma wameandika "vitamini B17", namba ya usajili hakuna. Hiyo B17 ndo inanichosha kuliko yote. Hakuna vitamini hiyo! Vitamini ni kitu mwili ukikikosa unaugua, sasa nani aliwahi kuugua kwa kukosa kokwa ya aprikoti? Ile ni amigdalini, na ukishaitafuna inavunjika inatoa sianidi, sumu ile ile ya muhogo mchungu. Bibi zetu wanaujua vizuri, wanauloweka, wanauanika ndo wanausaga, na pale ukame ulipobana watu wakafupisha hizo hatua tukaona konzo, mtu analala mzima anaamka miguu imepooza, Tarime ilitokea 1985 na Mtwara nako ikaja kutokea. Halafu mtu huyo huyo anayeogopa muhogo mchungu anatafuna kiini kichungu kibichi kisa kimetoka mlima wa mbali.

Na ilishapimwa jamani. Mwaka 1982 Mayo Clinic na hospitali nyingine za Marekani walitoa majibu ya wagonjwa 178 wa kansa waliopewa amigdalini, faida ya maana hawakuiona, na wengine sianidi ilianza kupanda kwenye damu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya 2016 ikasema mtu mzima akizidisha viini vidogo vitatu kwa mkupuo anavuka kiwango salama, mtoto mdogo hata kimoja kinamvusha. Mama kaambiwa 10.

Wahunza wenyewe ni watu wa bonde la milima ya Karakoram, wanalima matuta kwa maji ya barafu yanayoletwa kwa mifereji, chakula chao ngano, shayiri, mboga, aprikoti za kuanika juani, nyama kidogo kwa sababu mifugo ilikuwa michache, na kutwa wanapanda na kushuka. Hayo yaige, ni mazuri. Ila miaka 120 nani alihesabu, rejista ya vizazi haikuwepo. John Clark, Mmarekani aliyeishi huko kuanzia 1950, alifungua zahanati akakutana na malaria, kuhara damu na minyoo, na akiba ikiisha kabla ya mavuno njaa ilikuwepo. Kansa bila vipimo utaijuaje? Haikupimwa, wauzaji wakasema haipo.

Ndo wanavyofanya siku zote hawa, wanachukua watu wa mbali ambao hutawafikia ukawauliza, wanabandika sura ya mzee kwenye kopo, halafu wanamwambia mgonjwa aachane na hospitali "mwili usafike kwanza". Nimemuona mama aliyekuja na uvimbe kama punje ya mahindi, akaenda kusafishwa mwili miezi nane, karudi titi limetoboka kidonda. Aliyemuuzia simu hapokei tena.

Mwambieni daktari wa kemo mama ametafuna vingapi na kwa siku ngapi, msimfiche kwa kumwogopea shangazi. Vilivyobaki vitoke jikoni, wajukuu watadhani karanga. Na akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, moyo kwenda mbio au kuhema kwa shida, ni emajensi usiku huo huo, na mfuko wa viini mwende nao.