Masaa 12, 18 au 24? Mbizi ya mwisho Cozumel na ndege ya kurudi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Dallas. Cheti cha kupiga mbizi cha ngazi ya kwanza, Open Water, nilikipata Nungwi miaka mitatu iliyopita na tangu hapo sijavaa mtungi. Februari mimi na mke wangu tunakwenda kisiwa cha Cozumel, Mexico, kwenye hoteli ya kulipa mara moja, ukala, ukanywa na kulala humo humo. Tunafika Jumamosi. Nimepanga Jumapili tukae ufukweni, Jumatatu twende kuona magofu ya Chichén Itzá, na Jumanne mke wangu apate somo la bure la bwawani. Kisha Jumatano, Alhamisi na Ijumaa nipige mbizi mbili kila siku. Ijumaa hiyo hiyo hoteli inatoa mbizi ya usiku ya bure ya kuwaaga wageni, tunatoka majini saa 1:30 usiku. Ndege inaruka kutoka Cozumel Jumamosi saa 4:30 asubuhi. Hoteli wanasema kungoja masaa 12 kati ya mbizi ya mwisho na ndege kunatosha. Mwalimu wa Nungwi alinifundisha 18. Kompyuta ya mbizi niliyonunua, ile ya kuvaa mkononi, inaandika 24. Nani mkweli? Halafu naambiwa huko vipimo vya mgandamizo wa mtungi na vya kina ni psi na futi, mimi nilisoma bar na mita.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nitasema "masaa" kwa urefu wa muda ili tusichanganye na saa ya ukutani. Walimu wa lugha wanisamehe, majini nataka nieleweke.

Wote watatu ni wakweli. Ila kila mmoja anajibu swali lake, na kwa mpango wako anayekujibu wewe ni mwalimu wa Nungwi. Kutoka saa 1:30 usiku hadi saa 4:30 asubuhi ni masaa 15. Hiyo mbizi ya kuaga usiipige.

Masaa 12 ya hoteli hawakuyatunga. Ni pendekezo la DAN, mtandao wa Marekani unaoshughulikia usalama wa wapiga mbizi, kwa mtu aliyepiga mbizi moja tu, tena isiyomlazimu kusimama njiani kutoa gesi wakati wa kupanda. Wageni wengi wa hoteli za namna hiyo ndivyo walivyo: wanajaribu mara moja, wanapiga picha, wanarudi kwenye viti vya jua. Kijana wa mapokezi anawajibu hao kutwa nzima, na wewe umemuuliza amekujibu vilevile. Masaa 18 ni ya aliyepiga mbizi zaidi ya moja kwa siku, au siku kadhaa mfululizo. Huyo ndiye wewe. Aliyelazimika kusimama njiani kutoa gesi anatakiwa kungoja zaidi ya hapo, tena kwa kiasi kikubwa. Na 24? Baadhi ya kompyuta hazipigi hesabu yoyote hapo: ukitoka majini tu, zinaanza kurudi nyuma kutoka 24, hata kama ulikwenda mita sita kuangalia kaa. Nyingine hukadiria gesi iliyobaki mwilini. Fungua kitabu chake uone yako ni ya aina gani.

Namba za 12 na 18 zilipitishwa mwaka 2002, baada ya majaribio yaliyofanywa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Watu waliwekwa kwenye chumba cha mgandamizo, "wakazamishwa", kisha "wakarushwa" humo humo. Lakini walikuwa wakavu na wamepumzika. Wewe utakuwa umelowa, umepata baridi kidogo, umepiga mapezi dakika arobaini. Kwa hiyo 18 ichukue kuwa ndio mwanzo wa usalama. Mimi huwa sikaribii mpaka wake.

Sasa kwa nini mbizi moja na mbizi saba zitofautiane hivyo? Aliyekulia pwani hahitaji mchoro. Mnyunyizie nguru chumvi dakika kumi, chumvi inakaa juu; msuuze mara moja imetoka. Mlaze kwenye chumvi siku tano, imeshafika mfupani, na hapo utamroweka, utamwaga maji, utamroweka tena. Naitrojeni inaingia mwilini vivyo hivyo. Mita 18 chini, mgandamizo ni mara 2.8 ya ule wa juu, na kila pumzi inabeba naitrojeni kwa kiasi hicho hicho. Damu na ubongo hujaa upesi na kumwaga upesi. Mafuta na viungio hujaa polepole, na saa moja ya kupumzika kwenye boti haivitoshi. Siku ya tatu ya mbizi mbili mbili, wewe ni ng'onda.

Halafu unapanda ndege. Hewa ya ndani ya ndege ya abiria si hewa ya pwani. Inawekwa kana kwamba uko mlimani, hadi kama mita 2,400, juu zaidi ya Lushoto, na mgandamizo unashuka mpaka robo tatu hivi ya ule wa ufukweni. Nunua pakiti ya krispi kabla ya kupanda, uiweke mfukoni mwa kiti. Ndege ikishafika juu itazame: imevimba kama mto wa mtoto. Povu dogo la naitrojeni lililokuwa limetulia begani mwako linafanya hivyo hivyo. Unguja na Pemba tumewaona wavuvi wa majongoo bahari ambao hata ndege hawakupanda, walipanda juu ya maji tu, kwa pupa na mara nyingi mno, na leo wanatembelea fimbo. Kwa hiyo ninapogomba kuhusu masaa matatu yaliyopungua sigombi kwa sababu ya karatasi.

Mpango wako una kasoro moja: umeugeuza kichwa chini. Siku kavu umeziweka mwanzo na mbizi zote umezirundika mwishoni, karibu na ndege. Ugeuze. Tena kuna sababu nyingine ambayo hoteli hawatakutajia. Februari Cozumel hupigwa na upepo wa kaskazini, wenyewe huuita norte, na ukizidi mamlaka ya bandari hufunga bahari kwa boti ndogo, siku moja, mara nyingine mbili. Ukianza kupiga mbizi Jumapili, siku ikipotea unazo nyingine. Ukianza Jumatano, norte moja imekula nusu ya likizo yako.

Jumapili basi iwe ya kujikumbusha. Miaka mitatu ni mingi: ingia bwawani na mwalimu, uondoe maji kwenye miwani, utoe kipumulio mdomoni na kukirudisha, kisha mbizi moja ya taratibu kwenye mwamba wa mbele ya hoteli. Mwambie mwalimu kinagaubaga kwamba hujazama miaka mitatu, usione haya. Jumatatu na Jumanne mbili mbili. Jumatano kavu, Chichén Itzá iende hapo, ukikumbuka kwamba ni siku ndefu, feri ya kama dakika 45 hadi Playa del Carmen na bado basi la masaa. Alhamisi mbili asubuhi, na hiyo mbizi ya usiku waombe waiweke jioni ya siku hiyo. Ni nzuri, usiikose. Usiku pweza wanatoka, na chini ya miamba utasikia mkoromo kama wa chura: ni samaki wa Cozumel, mwenye milia usoni na mapezi ya manjano, anayejitokeza uso tu kwenye shimo lake.

Ijumaa, kama moyo hautulii, piga moja tu mbele ya hoteli, fupi na isiyo ya kina kirefu, utoke majini kabla ya saa 4:30 asubuhi. Hapo umempendeza mwalimu, umeipendeza kompyuta, na hoteli hawana neno. Baada ya hapo kuogelea na snokeli juu juu ruksa, ila usishuke chini kwa pumzi moja ukirudia rudia. Nenda kaone magofu ya Wamaya ya San Gervasio, yako kisiwani humo humo na hayana mlima.

Kuhusu mkondo. Nungwi labda ulizungushwa ukarudishwa pale boti ilipokusubiri. Cozumel maji yanakubeba, kwa kawaida kutoka kusini kwenda kaskazini, na boti inakufuata juu. Usishindane nayo, na usishuke kwa kuchelewa: wenzako wakizama wewe bado unahangaika na miwani, baada ya dakika mbili mko mitaa tofauti. Cheti chako kinakupa mita 18, kwa hiyo omba Palancar Gardens au Paso del Cedral. Ukuta wa Santa Rosa unashuka gizani na maji ni maangavu kiasi kwamba mita 28 inaonekana kama 15. Tazama kompyuta, macho yatakudanganya. Eneo hilo ni hifadhi ya taifa tangu 1996: glovu na visu haviruhusiwi. Utamkuta pia yule samaki mwenye miiba iliyotandazwa kama manyoya ya jogoo, Waingereza humwita lionfish. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki; kwetu mwenyeji, kule mvamizi, na waongozaji wenye kibali humchoma mkuki. Nilimwonea huruma kidogo, kama mtu wa nyumbani aliyekamatwa bila karatasi.

Vipimo sasa. Geji ya psi: mtungi uliojaa ni 3,000, yaani kama bar 207. Nusu ni 1,500, kama 103. Wengi watakutaka umwashirie mwongozaji ukifika 1,000, kama bar 70, na uwe botini na 500, ambayo ni bar 34 hivi. Ile 50 uliyoizoea ni 700 na ushei, ishike hiyo. Futi gawanya kwa 3.3: futi 60 ni mita 18, futi 100 ni 30. Mtungi wao wa alumini una ujazo wa lita 11 hivi. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 56 akiwa mita 18, kwa hiyo mpaka abakize bar 50 ana kama dakika 31 tu. Usishangae wazoefu wakikaa 50. Wanavuta kidogo, na hawarushi mikono.

Vile vipande vya risasi vya kiunoni, vya kukuzamisha, hupimwa kwa ratili. Gawanya kwa 2.2. Siku yangu ya kwanza kazini Cozumel niliomba "sita" kwa mazoea ya kilo. Nikapewa sita za ratili, kilo 2.7. Wageni wangu wanne walishuka kama nilivyowaelekeza. Mwalimu wao nikabaki juu naelea kama dafu, mkondo unanipeleka kaskazini, nahodha anacheka mpaka anashika tumbo. Jumapili jipime: mtungi ukikaribia kuisha, koti la kuelea halina hewa, shika pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho. Ukipima na mtungi uliojaa, kumbuka wa alumini ukikaribia kuisha hupungua uzito kwa kilo mbili na ushei, utashindwa kutulia mita 5 kwa zile dakika tatu za mwisho za tahadhari.

Shemeji naye asinyimwe. Somo la bwawani ni chambo, baada yake watamuuzia mbizi ya baharini, na si vibaya: bila cheti atakwenda na mwalimu, kina kisizidi mita 12. Akipiga moja tu, masaa 12 ya hoteli ni yake kihalali. Ila fomu ya afya muijaze wote wawili mkiwa bado Dallas. Presha, pumu, upasuaji wa karibuni: ukijibu "ndiyo" mahali fulani watataka saini ya daktari, na kuitafuta hiyo saini ukiwa na kaptula ufukweni ni adha. Mkiwa na mafua msizame, hata kama mmelipia. Bima ya safari isomeni kama inataja kupiga mbizi kwa jina.

Na baa. Vinywaji vya bure vinaanza asubuhi, na kati ya mbizi ya asubuhi na ya mchana kuna chakula cha mchana kirefu sana. Bia iwe baada ya mbizi ya mwisho ya siku, na maji kabla yake. Jakuzi ya moto isubiri pia. Mwili ukipashwa ghafla gesi hutoka kwa fujo. Masaji ya nguvu siku uliyozama siipendi kwa sababu moja tu: kesho bega likiuma hutajua ni mkono wa mkandaji au ni povu. Likiuma kweli, au vidole vikifa ganzi, au ngozi ikatoka mabaka, usingoje ndege. Omba oksijeni, nenda kwenye chumba cha mgandamizo. Kisiwani kipo, mwulize mwongozaji siku ya kwanza kiko mtaa gani.